MBIO NA MABINTI ZETU

Wako hata leo wazazi wasemao kuwa mbio si kazi ya mwanamke. Fikira hiyo si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, Lina Radke wa Ujerumani aliweka rekodi ya dunia ya mita 800. Magazeti yakashughulika na wenzake walioanguka kwa uchovu, kana kwamba wanaume hawachoki! Mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi mwaka 1960. Mwaka 2008, huko Beijing, Pamela Jelimo alizishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Basi twawauliza ndugu zetu viongozi wa matawi: binti anayekatazwa uwanja mara avunjapo ungo, nani amemtetea mbele ya wazazi wake?