UCHAMBUZI: Mwalimu mkuu akijifungia ofisini, darasani hapaivi kitu

JANUARI 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi (CBC) liliingia Gredi ya 10 baada ya kufanya mtihani wa kukamilisha sekondari msingi mwishoni mwa 2025. Walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Mjadala uliowasindikiza ni ule ule tuliouzoea: madarasa hayatoshi, maabara hazipo, walimu ni wachache na pesa za serikali huchelewa kufika shuleni.

Yote hayo ni kweli na yanastahili kupigiwa kelele. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo halikusikika sana. Je, walimu waliowalea watoto hao kwa miaka tisa walikuwa wakifanya kazi kwa pamoja, au kila mmoja alijifungia darasani mwake na chaki yake, akimaliza silabasi yake na kurejea nyumbani?

Swali hili si la pembeni. Stadi ambazo mtoto huhitaji ili afaulu masomoni hazimo katika somo moja. Kusoma kwa ufahamu, kufupisha, kuandika notisi kwa maneno yake mwenyewe, kupima ushahidi na kutetea hoja ni stadi zinazohitajika katika Kiswahili, katika Sayansi na katika Historia vilevile. Mwalimu wa Kiswahili akifunza ufupisho Jumatatu, kisha mwalimu wa Sayansi akawaamuru watoto hao hao wanakili ubao mzima Jumanne, kazi ya Jumatatu imebomolewa. Hapana mwalimu mmoja, hata awe hodari namna gani, awezaye kujenga stadi hizo peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hivyo, anayeamua iwapo watoto watazipata stadi hizo ni yule anayewaongoza walimu: mwalimu mkuu. Na hapo ndipo taifa hili limekuwa likikosea kwa muda mrefu.

Tukumbuke tulikotoka. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka uliotangulia hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiunga na shule ya msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, na ulimwengu mzima ukatutazama kwa heshima. Tulikuwa tumefungua mlango. Tulichosahau kukiuliza ni nini kilichokuwa kikiendelea ndani ya nyumba.

Jibu lilikuja baadaye, nalo lilikuwa chungu. Tathmini za Uwezo, ambazo ripoti yake ya kwanza nchini ilitolewa 2010, zilionyesha kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawangeweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Walikuwa shuleni, walikuwa na sare, majina yao yalikuwa kwenye sajili, lakini kusoma hawakujua.

Dawa iliyojaribiwa baada ya hapo ina funzo kubwa kuhusu jambo tunalolijadili. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Shirika la Misaada la Marekani (USAID), ulihakikisha kwamba kila mtoto wa madarasa ya chini ana kitabu chake. Mwalimu naye alipewa mwongozo wa kila somo. Lakini vitabu tumewahi kuvinunua hapo awali na vikaliwa na mchwa kabatini. Jambo jipya lilikuwa kwamba maafisa wa usaidizi wa mtaala walianza kuingia darasani wakiwa na vishikwambi, wakaketi nyuma, wakalitazama somo, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma kwa sauti, kisha wakazungumza na mwalimu papo hapo kuhusu waliyoyaona.

Lengo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Msomaji fasaha alitarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na maneno 45 kwa Kiswahili. Asishangae msomaji kwamba Kiswahili kilipewa idadi ndogo: neno moja kama "hawakumwambia" hubeba mzigo ambao Kiingereza huubeba kwa maneno kadhaa. Mwalimu, afisa na mwalimu mkuu walikuwa wakitazama shabaha moja. Usomaji uliimarika. USAID yenyewe ilivunjwa 2025, lakini funzo lake halikuhitaji dola kulielewa: mwalimu anayetembelewa darasani na kuelekezwa kwa heshima hufunza vyema zaidi kuliko mwalimu anayeachwa peke yake.

Funzo hilo halikuwa geni. Mradi wa kuimarisha Hisabati na Sayansi, SMASSE, ulianza 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani katika wilaya tisa za majaribio. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kiliendeleza kazi hiyo na kuwahimiza walimu wafuate desturi ambayo wenzao wa Japani wameitumia kwa zaidi ya miaka 100. Walimu wa somo moja huketi na kuandaa kipindi kimoja kwa pamoja. Mmoja wao hukifunza, wengine husimama nyuma wakiwatazama wanafunzi, si mwalimu: nani ameelewa, nani amekwama, na amekwama wapi. Baadaye hukutana, wakakirekebisha kipindi hicho, na mwingine akakifunza upya. Haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Inahitaji saa moja kwenye ratiba, na kiongozi mwenye ujasiri wa kuilinda saa hiyo.

Utafiti wa kimataifa unakubaliana na hayo. Mwaka 2008, msomi wa New Zealand, Viviane Robinson, na wenzake wawili walilinganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule. Waligundua kwamba, miongoni mwa mambo yote ambayo mkuu wa shule hufanya, lililohusiana zaidi na mafanikio ya wanafunzi ni yeye mwenyewe kushiriki katika mafunzo ya walimu wake. Si kuyaagiza au kuyalipia tu, bali kushiriki.

Sasa tujiulize: mwalimu mkuu wa Kenya hutumiaje siku yake? Asubuhi anapokea wazazi wenye malalamishi. Kisha anajaza takwimu za wanafunzi kwenye mfumo wa serikali, anakagua risiti za maharagwe, anatafuta fundi wa tangi, anajiandaa kwa mkutano wa halmashauri ya shule, anaitwa kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ulioanzishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) mwaka 2016, ulikusudiwa kumrejesha darasani awatazame walimu wake. Katika shule nyingi umegeuka kuwa fomu nyingine tu: mwalimu anajipa alama, mkuu anaidhinisha, na hakuna aliyemwona mwenzake akifunza.

Si uvivu wake. Tumemchukua mwalimu hodari wa Hisabati, tukampandisha cheo kwa sababu alikuwa hodari wa Hisabati, kisha tukamkabidhi walimu 20 na watoto 900 bila kumfunza jinsi ya kuwaongoza watu. Taasisi ya Usimamizi wa Elimu (KEMI) ina kozi nzuri za uongozi, lakini aghalabu mtu huzipata baada ya kukikalia kiti, si kabla.

Udhaifu huu ulianikwa juani na sekondari msingi. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza mwishoni mwa 2022 kwamba madarasa hayo yawekwe katika shule za msingi. Januari 2023 Gredi ya 7 ikaanza. Walimu waliopelekwa huko wakiwa na mafunzo ya sekondari walijikuta chini ya walimu wakuu wa shule za msingi. Wengi walikuwa wanagenzi kwa mkataba, wengine wakifunza masomo ambayo hawakuyasomea. Mwaka 2024 wanagenzi waligoma kwa majuma kadhaa wakidai ajira ya kudumu, ambayo TSC iliwapa kuanzia Januari 2025. Lakini mzozo wa pili haukuisha kwa barua za ajira: nani bosi wa nani?

Walimu wa sekondari msingi wamekuwa wakidai uhuru wa kujisimamia. Walimu wakuu nao husema shule ni moja. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini hata nahodha mmoja asiyesema na mabaharia wake atakipeleka chombo mwambani. Kuandika kwenye waraka kwamba mkuu ni fulani hakuundi timu. Timu huundwa naibu anapopewa mamlaka halisi juu ya masomo, mwalimu mchanga anaposikizwa, na wote wanapokuwa na lengo moja linaloweza kupimwa.

Mwandishi huyu hasemi hayo kwa kuyasikia. Nimekaa kwenye meza ya usanifu wa habari kwa zaidi ya miaka 25. Nilipopewa usimamizi mara ya kwanza, nilikuwa mhariri wa kujivunia kalamu yangu. Habari mbovu ikifika, niliiandika upya kimyakimya na kuipeleka ukurasani. Gazeti lilitoka safi. Baada ya mwaka mmoja, mwanahabari mmoja chipukizi alikuwa angali akileta makosa yale yale, nami nikamlaumu mbele ya wenzake. Alinijibu kwa adabu iliyonichoma: "Mzee, hujawahi kuniambia nilikosea wapi." Alisema kweli. Nilikuwa nimerekebisha habari mia moja na sikumrekebisha mwandishi hata mara moja. Tangu siku hiyo nilianza kumwita aliyekosea, tukasoma pamoja aya kwa aya. Kazi ilichelewa kwa miezi michache. Baadaye iliharakika kuliko hapo awali.

Mwalimu mkuu anayefunza mwenyewe Darasa la mtihani kwa sababu hawaamini walimu wake anafanya kosa langu. Atapata matokeo mazuri mwaka huu, na akihamishwa mwaka ujao shule itaanguka naye.

Mgala muue na haki mpe. Zipo shule ambazo mwalimu mmoja ana watoto 80 darasani, na kumwambia aketi nyuma ya darasa la mwenzake ni sawa na kumwambia aache watoto wake bila mlezi. Uhaba wa walimu ni jukumu la Hazina ya Taifa na TSC, wala maneno matamu kuhusu ushirikiano yasitumiwe kuufunika. Hata hivyo, shule mbili zilizo katika kijiji kimoja, zenye uhaba ule ule na wazazi wale wale, mara nyingi hutofautiana mno. Tofauti hiyo haiko kwenye bajeti.

Yapo mambo ambayo yanaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri sheria. Kwanza, kila shule itenge saa moja kwa juma ambapo walimu wa masomo yanayokaribiana huandaa kipindi kimoja kwa pamoja. Pili, mwalimu mkuu aingie darasani angalau mara mbili kwa juma, si kama polisi, bali kama mwalimu, na azungumze na mwenye darasa siku hiyo hiyo. Tatu, walimu wote wa shule wakubaliane kuhusu stadi moja kwa muhula, mathalan ufupisho, na kila somo liifanyie mazoezi. Nne, TSC isimpandishe mtu cheo cha ukuu kabla hajafunzwa kuongoza watu wazima.

Tano, desturi hiyo ishuke hadi kwa watoto. Mtaala wa sasa unasisitiza kazi za vikundi, lakini katika madarasa mengi mtoto mmoja huandika na watano hutia majina. Hilo si kundi, ni abiria na dereva. Mwalimu agawe majukumu: huyu asome, huyu aandike, huyu aulize maswali, huyu aeleze mbele ya darasa, na wiki ijayo wabadilishane. Lakini mwalimu ambaye mwenyewe hajawahi kushirikiana na mwenzake atawafunzaje watoto kushirikiana?

Watoto walioingia Gredi ya 10 walitumiwa kwa miaka mingi kuujaribu mtaala huu. Wadogo zao wako nyuma yao, na wengine wao wangali wanababaisha silabi. Wizara itaendelea kuhesabu madarasa yaliyojengwa. Mzazi atakayefika shuleni kwa mkutano muhula ujao ana haki ya kumuuliza mwalimu mkuu swali jingine: mara ya mwisho uliketi lini nyuma ya darasa la mtoto wangu?