Walimu wenzangu, "ndia" ya Lamu si kosa

Mwezi uliopita, baada ya kumaliza shughuli iliyonipeleka Mombasa, niliona si vyema kurejea bara kabla ya kumzuru rafiki yangu wa tangu chuoni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinialika kwake Lamu nami nikimlipa kwa ahadi tupu. Ijumaa alfajiri nikapanda basi. Aijuaye safari hiyo hana haja ya kusimuliwa: Malindi, Garsen, Witu, Hindi, ukaguzi wa polisi hapa na pale, kisha Mokowe ambapo barabara hukoma na abiria wakashuka kuingia mashuani. Nilifika kisiwani alasiri, mgongo ukiniuma na vumbi limenijaa masikioni.

Rafiki yangu alinipokea gatini. Tulipita vichochoro vyembamba, tukiwapisha punda waliobeba mawe na mchanga, hadi nyumbani kwao. Mama yake, bibi mwenye umri mkubwa, alikuwa ameketi mkekani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyoosha mkono: "Ndoo. Una ndaa wewe, na ndia ni ndefu."

Nilielewa, bila shaka. Mimi hufundisha Kiswahili kwa kazi. Hata hivyo, nakiri kwamba mahali fulani kichwani mwangu kalamu nyekundu ilijiinua yenyewe. Njoo. Njaa. Njia. Makosa matatu katika sentensi mbili! Nikaona haya, nikaketi, nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka hadi nikashindwa.

Sikuja Lamu kutafuta hoja ya kuandikia gazetini. Hoja ndiyo iliyonifuata, siku ya pili jioni, tulipokuwa tumeketi dakani tukinywa kahawa tungu. Rafiki yangu alikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Mwalimu ni mwalimu, hata Jumamosi. Alikuwa akisahihisha insha huku tukizungumza, na mama yake alikuwa ndani, mlango wazi, akimwelekeza mjukuu wake duka la kununua sukari. "Shika ndia ya msikitini," alisema. Wakati huohuo nikaona mkono wa rafiki yangu ukizungushia duara jekundu neno katika daftari lililokuwa mapajani mwake. Nikachungulia. Neno lilikuwa "ndia".

Tulitazamana. Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Nililiomba daftari nikaisoma insha yote. Mvulana alikuwa ameandika kuhusu siku aliyokwenda na babu yake kuvua, upepo ukawageuka, wakalala baharini. Msomaji mpendwa, nimesoma maelfu ya insha za wanafunzi, na nyingi huanza kwa ndege kulia na jua kuchomoza. Hii ilianza na babu akiionja hewa kwa ulimi. Aya mbili baadaye nilikuwa nimesahau kwamba nasoma kazi ya shule. Lakini daftari lilikuwa limetapakaa damu ya kalamu: "mato" badala ya macho, "mtele" badala ya mchele, "yana" badala ya jana, "zombo" badala ya vyombo. Alama aliyopata siwezi kuiandika hapa bila kumwaibisha rafiki yangu. Nilimwuliza kama hakuona kwamba insha ni nzuri. "Naona," akanijibu. "Lakini wewe huko bara ukiletewa karatasi hii bila jina, ungempa ngapi?"

Hapo nikanyamaza, kwa kuwa jawabu nalijua. Miaka kadhaa iliyopita alihamia darasani kwangu msichana kutoka pwani. Katika insha yake ya kwanza nilikuta "zitu" na "nti". Nilimwandikia pembeni, kwa herufi kubwa, kwamba Kiswahili chake ni kibovu na kwamba asome zaidi vitabu vilivyoidhinishwa. Msichana yule hakunijibu neno. Lakini tangu siku ile hakuinua tena mkono katika somo langu, nami nikadhani ni mpole.

Turudi nyuma kidogo, maana wanafunzi wetu wengi hawajaelezwa Kiswahili sanifu kilitoka wapi. Mnamo Juni 1928, wajumbe kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikutana mjini Mombasa, wakaamua kwamba lahaja ya Unguja ndiyo itakayosanifishwa kwa ajili ya shule na uchapishaji. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Kimvita, lahaja ya mji uleule walimokutania, nacho kilikuwa na watetezi wake, hasa miongoni mwa wamishenari waliokuwa wamekifanyia kazi, lakini hoja yao ilishindwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa na manufaa: mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mwanza husoma leo tahajia moja. Ila kuchagua lahaja moja iwe sanifu ni jambo moja, na kuzigeuza lahaja nyingine kuwa makosa ni jambo jingine kabisa. La pili halikuhitaji mkutano. Tumelifanya sisi wenyewe, darasa baada ya darasa.

Zaidi ya hayo, fasihi tunayojivunia imeandikwa kwa lugha gani? Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakutunga kwa Kiunguja. Al-Inkishafi, shairi linaloomboleza kuporomoka kwa Pate, ni zao la visiwa hivihivi vya Lamu. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Abdilatif Abdalla aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, nayo yana ladha ya Mombasa alikozaliwa. Ukiiondoa kaskazini ya pwani katika ushairi wa Kiswahili, utabaki na kijitabu chembamba.

Basi tazama tunavyofanya. Karatasi ya pili ya mtihani, katika isimujamii, humtaka mwanafunzi ajue lahaja ni nini, azitaje, aeleze umuhimu wake. Mwanafunzi huyohuyo, akifungua karatasi ya tatu, hukutana na shairi lenye neno "ndia", akaulizwa mshairi ametumia uhuru wake vipi. Nasi tumemfundisha kujibu: tabdila, "ndia" badala ya "njia". Vitabu vingine vya mwongozo, nikiri kwa haki, hutaja matumizi ya lahaja, lakini huyaweka hapohapo chini ya uhuru wa mshairi, kana kwamba mtunzi wa Lamu aliamka asubuhi, akaona mizani imemzidi au vina vimegoma, akaamua kulivunja neno. Uhuru gani huo? "Njia" ina mizani miwili. "Ndia" ina mizani miwili, na kina ni kilekile. Mtunzi hakufaidi chochote kwa kubadili, kwa sababu hakubadili kitu. Aliandika neno alilofundishwa na mama yake, kama mvulana wa insha ya uvuvi alivyoandika.

Rafiki yangu aliliweka jambo hili kwa namna ambayo haijanitoka akilini. Alisema, "Ndugu yangu, neno hili mtoto akiliandika leo ni kosa. Akifa, tukampata miaka mia baadaye katika diwani, litakuwa pambo. Sasa nimwambie angoje kufa?"

Tena tazama tusivyo na aibu ya kuchukua. Marehemu Ahmad Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alituachia utenzi mzima juu ya uundaji wa jahazi, Sambo ya Kiwandeo, uliosheheni majina ya mbao, kamba na tanga ambayo sisi wa bara hatuna hata nusu yake. Ndiye pia anayetambuliwa kwa kutupatia neno "runinga". Kila jioni watangazaji hulitamka, na mwanafunzi asiyelitumia katika insha huambiwa hana msamiati. Kisima tunakichota, na mwenye kisima tunamwambia maji yake ni machafu.

Jumapili asubuhi, kabla ya mashua yangu, bibi alinipa somo ambalo chuo hakikunipa. Alikata kipande cha karatasi, akakishika mbele ya midomo yake, akatamka "paa", yaani paa la nyumba. Karatasi ikatulia. Akatamka "paa" tena, safari hii mnyama wa porini, na karatasi ikaruka. Nikajaribu mimi. Karatasi ikaruka mara zote mbili. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la pili, akaangua kicheko. Kwa bibi yule, na kwa mtoto yule, hayo ni maneno mawili tofauti, yenye sauti mbili tofauti. Kwangu mimi mwenye shahada ni neno moja lenye maana mbili, nami hulitumia kila mwaka kama mfano wa jambo hilo ubaoni! Maandishi sanifu hayaonyeshi pumzi hiyo. Sisi tuliojifunza lugha kitabuni hatukujua kwamba kuna kitu kimeachwa nje.

Nilipokuwa nikielekea gatini nilipita katika barabara kuu ya mji, ile ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui. Mui ndio mji. Hata jina la njia ya watu lingepigwa duara.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba tukifungua mlango huu, kila mtahiniwa ataandika apendavyo na kudai ni lahaja. Sikubali. Mwanafunzi wa kwetu akiandika "kitabu hii" ameathiriwa na lugha yake ya kwanza au amezembea katika upatanisho wa ngeli, na hakuna Mswahili wa mahali popote ambaye amelelewa kusema hivyo. Anayeandika "kuteka" kwa maana ya kucheka ana mji mzima nyuma yake, na ana tungo za karne kadhaa. Tofauti hiyo mwalimu aliyesoma anaweza kuitambua, na asiyeweza yafaa afundishwe. Wala sisemi insha za mtihani ziandikwe kwa Kiamu. Kiswahili sanifu ni nguo ya kutokea mbele za watu, na kila mtoto ana haki ya kuwa nayo. Lakini hatumpi mtoto nguo mpya kwa kumvua ya mama yake hadharani.

Ninachoomba ni kidogo. Mwalimu akikuta "ndia" katika daftari, aandike pembeni "lahaja", si "kosa", na aonyeshe umbo sanifu. Amweleze mwanafunzi kwamba kuna utaratibu: penye "nj" kwa Unguja, Lamu na Mombasa aghalabu husema "nd", na penye "ch" mara nyingi husema "t". Somo la dakika kumi hilo, na mtoto atavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuona haya ya kokote. Vyuo vinavyotuandaa vitupeleke pwani, hata kwa muhula mmoja, tukasikilize. Na wanaotunga maswali ya ushairi waache kumwita mvunja sarufi mtu aliyekuwa akisema lugha yake.

Rafiki yangu hakukubaliana nami kikamilifu. Alisema mimi naweza kuandika haya kwa sababu wanafunzi wangu hawana cha kupoteza, ilhali wake wana mtihani, na msahihishaji atakayeishika karatasi ya mvulana yule hatakuwa ameketi dakani kwao akinywa kahawa. "Nikimlegezea mimi, wataniadhibia yeye," alisema. Kwa hiyo ataendelea kupiga duara. Sikuwa na la kumjibu, isipokuwa kumwomba aongeze alama mbili kwa ajili ya babu aliyeionja hewa. Aliongeza moja.

Jumanne nilikuwa darasani kwangu. Kipindi kilikuwa cha ushairi, kidato cha nne. Tulifika kwenye ubeti wenye "mato", na msichana mmoja wa mbele, mwenye bidii, akainua mkono upesi: "Tabdila, mwalimu." Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi sikusema vyema. Niliwaeleza habari za Kiamu, za mkutano wa mwaka 1928, nikawafanyia hata kiroja cha karatasi na paa, nacho kikanishinda tena wakafurahi sana. Walisikiliza kuliko kawaida. Kengele ilipokaribia, msichana yule akainua mkono kwa mara ya pili.

"Kwa hiyo, mwalimu, mtihanini tuandike nini?"

Darasa zima lilishika kalamu likiningoja. Nilimwambia aandike tabdila.