Muuguzi Hafundwi Darasani Pekee



Mwaka uliopita nilimuuguza mtu wa nyumba yangu katika hospitali moja ya hapa kwetu. Asubuhi moja wanafunzi 11 wa uuguzi walifika kwa pamoja, wakakizunguka kitanda. Mmoja wao alipima msukumo wa damu, akaandika tarakimu kwenye karatasi, wakaondoka. Jioni, muuguzi wa zamu alipima tena, akashtuka: tarakimu ile haikuwa ya kweli. Sikumlaumu kijana yule. Alipokuwa akipima, hakuna aliyesimama karibu naye kumsahihisha.

Mimi nilisomea ualimu. Kabla ya kukabidhiwa darasa, nilifundisha masomo ya majaribio mbele ya watoto, na mwalimu mzoefu aliketi nyuma, kalamu mkononi. Somo lilipokwisha, alinionyesha makosa yangu bila kunificha. Masahihisho yale yalinijenga kuliko madaftari yangu yote. Ikiwa tunamlinda mtoto hivyo asifundishwe vibaya kujumlisha, je, mgonjwa anayechomwa sindano hastahili zaidi?

Ndiyo maana nasema: mapatano kati ya chuo na hospitali yasiishie kwenye sahihi na muhuri. Yataje idadi ya wanafunzi watakaopokelewa katika kila wodi, muuguzi atakayewasimamia, na kazi wasizoruhusiwa kuzifanya peke yao. Tena, msimamizi huyo apunguziwe kazi nyingine, naye alipwe kwa kufundisha. Wauguzi wengi nchini mwetu hawapati mshahara wa Serikali. Kuwaongezea wanafunzi bila malipo ni kuwatwika mzigo juu ya mzigo.

Wengine husema kwamba hospitali zina upungufu wa watu, na wanafunzi ni mikono ya msaada. Ni kweli, lakini mkono usioongozwa waweza kuumiza.

Jambo hili si ndoto. Mjini Bukavu, Chuo Kikuu Katoliki, kilichoanzishwa mwaka 1989, huwafunza madaktari wake katika Hospitali Kuu ya Mkoa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, nayo hupokea wanafunzi wa utabibu. Muuguzi, anayekesha na mgonjwa usiku kucha, anastahili malezi yale yale.

Ninyi mnaotaka kusomea uuguzi, msiulize habari za ada pekee mnapochagua shule. Ulizeni: staji itafanyika wapi? Nani atanisimamia? Asipokuwapo, itakuwaje? Shule isiyo na majibu hayo itawapa diploma, lakini haitawapa ufundi.

Na siku utakapoachwa peke yako mbele ya mgonjwa, ukaambiwa ufanye usilolijua, usione haya. Sema: "Bado sijajua, tafadhali nionyeshe." Neno hilo halikupunguzii heshima, nalo laweza kuokoa maisha ya mtu.