Mkanda mweupe tumeuvaa, lakini hatukuzaliwa jana

Wandugu, tuanze na ukweli: siku ya kwanza tulipigwa na watoto. Sisi wa mkanda wa kahawia wa karate, tuliofundishwa Beni na Butembo kwa miaka, tulifika kwenye mazoezi ya taekwondo hapa Kasese na kiburi kibao. Tulikuwa tunasema ule ni mchezo wa kurusha miguu hewani tu. Kumbe! Kijana mmoja mdogo alisimama mbele yetu wima, mwepesi kama anaruka kamba, na kabla hatujakunja magoti vizuri mguu wake ulikuwa umeshafika shavuni.

Shida haikuwa nguvu. Shida ni kwamba mwili wetu ulikuwa unajibu maswali ya mtihani mwingine. Shotokan imetufundisha kusimama chini, miguu mbali, na kumaliza kwa ngumi ya mkono wa nyuma. Kwenye karate ya mashindano, ngumi ya uso ukiidhibiti vizuri unapata pointi. Kwenye taekwondo ya mashindano, ngumi ya uso ni kosa, na pointi anapewa mpinzani. Yaani silaha yetu bora ndiyo iliyokuwa inatuangusha. Ngumi inaruhusiwa kifuani tu, na inaleta pointi 1, wakati teke la kichwa linaleta 3. Hata kuhesabu kulibadilika: tumezoea ichi, ni, san, sasa ni hana, dul, set.

Halafu mwalimu akasema wote tuanze na mkanda mweupe. Hapo ndipo kikundi chetu kilikaribia kuvunjika. Wengine tulivaa. Mwenzetu mmoja wa Bwera alikunja gi yake, akapanda gari, na hajarudi mpaka leo. Alituambia: “Nyumba tuliacha, shamba tuliacha, na hii pia mnataka niache?”

Tulimcheka siku ile. Leo hatucheki. Alikuwa anasema kitu ambacho wengi wetu tunakijua tangu shuleni. Umemaliza darasa la sita kwa Kifaransa, unavuka Mpondwe, unawekwa na watoto wadogo kwa sababu Kiingereza hujui. Hesabu unaijua, lakini hakuna anayekuuliza hesabu.

Sasa msimamo wetu ni huu: mkanda mweupe ni sawa, lakini kuambiwa hujui kitu si sawa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mkanda wenyewe ni msafiri, wandugu. Funakoshi alipotoka Okinawa kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922, Kano wa judo alimpokea. Karate ikachukua nguo nyeupe na mikanda kutoka judo. Na taekwondo? Jina hilo lilichaguliwa Korea mwaka 1955, na kati ya walioijenga wapo waliokuwa wamejifunza karate Japani. Kwa hiyo mtindo huu unaotupiga leo ni ndugu wa ule tuliokuja nao. Ni kama Kinande na Kikonzo: ukivuka mto Lubiriha unasikia maneno yamegeuka kidogo, lakini bibi wa ng’ambo hii na bibi wa ng’ambo ile wanaelewana sokoni bila mkalimani.

Baada ya miezi tumeona nini kinabaki na nini kinaenda. Kusimama chini kumeenda, na mkono kukimbilia uso bado tunapigana nao. Lakini kusoma bega la mtu kabla hajapiga, kupumua ukiwa umechoka, kuinama kwa heshima hata kwa aliyekushinda, hivyo vyote vimevuka mpaka pamoja nasi, na hakuna aliyetudai hati.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnaotusomaga hapa: mkileta mchezo, msiandike tu idadi ya vijana waliofika. Ulizeni kwanza nani kati yetu tayari anajua kitu, na nani anaweza kufundisha. Parfait Hakizimana ni mkimbizi wa Burundi. Alikuwa anafundisha taekwondo kambini Mahama, Rwanda, kabla ya kupigana kwenye Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwalimu anaweza kuwa tayari yuko kwenye foleni yenu. Na nauli ya Bwera mpaka Kasese si kitu kidogo kwa kijana anayelipia chumba. Zoezi moja likifanyika Bwera kila wiki, wengi watarudi.

Na kwetu sisi wenyewe: kiburi kimetuchelewesha kuliko mkanda. Aliyejifunza mtindo mmoja vizuri anaweza kujifunza wa pili haraka, lakini akikubali kwanza kuonekana mjinga kwa muda. Huo muda unauma. Unapita.

Yaya yetu wa Bwera, kama unasoma hii: ulikuwa na haki ya kukasirika, na tulikosea kukucheka. Gi yako ilete vilevile, na mkanda wako wa kahawia uuweke kwenye mfuko, usiutupe. Jumamosi tunakungoja. Yule kijana mdogo bado anatupiga shavuni, na wewe ndiye pekee uliyekuwa unajua kusoma bega.