Mnazi Huu Uzae Nazi au Tembo?

Wageni huenda Stellenbosch, Afrika ya Kusini, kuzuru mashamba ya mizabibu na ghala za mvinyo; Tanzania nayo ina mvinyo wake wa Dodoma. Pwani yetu mti wa tembo ni mnazi. Mgema hahitaji pipa wala mtambo: hukata ncha ya karara kwa kotama, akatungika kibuyu. Likitoka mtini ni tembo tamu. Baada ya saa chache limechacha, nasi Waislamu twajua hukumu yake.

Lakini, msomaji, ulevi si hasara peke yake. Karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye shamba huchagua: fedha za mgema kila siku, au nazi za kungojewa kiasi cha mwaka mzima. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 yamkaba muuzaji na mnywaji. Bei ya nazi haiipandishi.

Hapa Timbwani, ambako wali bila tui si wali, tusimlaumu mgema pekee. Tembo tamu likichemshwa mapema huwa asali. Nazi ikipata bei, na asali ikapata mnunuzi, mwenye mnazi atakuwa na njia mbili za halali dhidi ya moja ya haramu.