Wagonjwa waliopoteza fahamu wazungumzishwe

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu jinsi tunavyowauguza watu waliopoteza fahamu.

Mwaka jana mdogo wangu alianguka na pikipiki akaumia kichwa. Alilala hospitali wiki tano, macho yanafunguka lakini hatambui mtu. Siku moja mama alikaa kando yake akaanza kumwimbia polepole, kama alivyomwimbia utotoni. Muuguzi akamwambia anyamaze, eti huyu hasikii kitu. Jioni yake jamaa zetu wawili walisimama miguuni pa kitanda wakijadili gharama za kusafirisha maiti. Hao hawakunyamazishwa!

Nauliza, nani alipima akajua kwamba hasikii? Mwaka 2006 mtaalamu wa ubongo Adrian Owen na wenzake wa Uingereza walimwingiza mwanamke wa miaka 23, ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua, katika mashine ya kupiga picha za ubongo. Wakamwambia afikirie kuwa anacheza tenisi. Ubongo wake ukafanya kazi sawa na wa watu wazima wa afya walioambiwa hivyo hivyo. Mwaka 2024 ukatolewa utafiti wa nchi kadhaa: kati ya wagonjwa 241 walioshindwa kutii agizo kwa mwili, 60 walilitii kwa ubongo. Ni mmoja katika kila wanne, Ndugu Mhariri, naye amelala pale anawasikia wanaopanga mazishi yake.

Wimbo wa mama nao haukuwa upuuzi. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliona kuwa wagonjwa wa namna hii wakipigiwa kwanza muziki waupendao, ubongo huitikia jina lao vizuri zaidi kuliko wakipigiwa kelele tupu. Huko Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, wagonjwa walisikilizishwa sauti za ndugu zao zilizorekodiwa wakisimulia mambo ya nyumbani, mara nne kwa siku kwa wiki sita, na maendeleo yao yakawa bora kuliko ya wenzao waliosikilizishwa kimya. Walikuwa 15 tu, nakubali, na wataalamu bado wanaendelea kuchunguza.

Sisemi nyimbo zinafufua wafu. Wala redio inayonguruma wodini kutwa nzima si tiba, ile inamchosha hata mzima. Ninachoomba ni ndugu mmoja aruhusiwe kukaa na mgonjwa muda mfupi, amwite kwa jina, amwimbie au ampigie kwenye simu wimbo alioupenda, kisha amwache apumzike. Wauguzi wetu wamezidiwa na kazi, na jambo hili halitawaongezea mzigo.

Mdogo wangu sasa anakaa kitini na kutamka maneno machache. Kilichomzindua sikijui. Ila wale jamaa wawili wakija kumjulia hali, hugeukia ukutani mpaka waondoke.

Msomaji,
Morogoro.