Kocha wa Kwetu Ana Kosa Gani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: Francis Kimanzi alikosa nini? Alikuwa kiungo wa Mathare United, kisha akawa kocha wao, na mwaka 2008 wakatwaa ligi kuu. Mwaka huo huo aliishika Harambee Stars, na Desemba tukawa nambari 68 duniani. Hatujapanda zaidi ya hapo! Shukrani yake? Mwanzoni mwa 2009 alitolewa, akaletwa Antoine Hey wa Ujerumani. Mwaka haukwisha, Hey kaenda zake, na aliyeitwa kuziba pengo ni Twahir Muhiddin, mtu wetu wa pwani. Kimanzi akarudishwa, akafukuzwa tena 2012. Akaja Henri Michel, Mfaransa. Kufika Desemba naye hayupo. Ati mgeni njoo mwenyeji apone! Hapa mwenyeji ndiye anayeugua.

Wako watakaosema mzungu ana ujuzi. Sikatai, mwenye ujuzi na aje. Lakini Novemba 2019, Kimanzi akiwa kwenye zamu yake ya tatu, tulitoka sare 1-1 na Misri kwao Alexandria. Oktoba 2020 wakaachana naye tena. Sasa kijana anayecheza kiungo hapa Malindi akisema anataka kuwa kocha, tumwambieje?